Herufi Moja ya Bwana Mkato

Mimi sisamehi. Nasema mapema, mtu asije akasoma hadi katikati akaanza kunitafutia huruma. Wapo watu wa roho nyepesi, unawakanyaga mguu halafu wao ndio wanaosema samahani. Mimi ukinikanyaga nakumbuka hata rangi ya soksi zako.

Bwana Mkato alinikanyaga, na soksi zake zilikuwa za kahawia.

Kampuni yetu inasafirisha nyama na samaki kwa magari yenye majokofu. Ndani ya kila jokofu kuna kipimo cha joto kinachotuma namba ofisini njia nzima: sifuri, moja, mbili, namba kamili bila nukta. Joto likizidi nne, mzigo huo haufai. Programu inayosoma namba hizo kila asubuhi na kusema gari lipi limepita na lipi limefeli niliiandika mimi, kwa R, lugha ya kompyuta tunayoitumia sisi watu wa takwimu. Ukiwa ndani ya R unakipa kitu jina, na baadaye ukilitaja lile jina R inakuletea kile kitu. Nusu ya kazi ni kuchagua majina, na hapo ndipo unapomjua mtu mzembe.

Majina yangu yalikuwa marefu. Joto la gari linapotoka uani niliita joto_la_kuondokea. Joto kubwa kuliko yote ya safari niliita joto_la_juu_kabisa. Ofisini walicheka mpaka wakaniita Bibi Majina Marefu, na sikujali, kwa sababu aliyesoma programu yangu hakuhitaji kuniuliza chochote.

Kisha tukaletewa mkuu wa kitengo mpya. Jina la Bwana Mkato tulimpa sisi, kwa kuwa kila kitu kwake kilikuwa cha mkato. Foleni ya chai aliikata, salamu aliikata, mtu akiwa katikati ya sentensi alimkata. Wiki ya kwanza tu aliifungua programu yangu, akaguna, akasema, "Huu ni utenzi au ni programu?" Watu wakacheka. Wengine walikuwa wenzangu wa kunywa nao chai, na hao pia nawakumbuka.

Akakata. Kila jina refu aliligeuza herufi moja. Mstari wa juu ulioandikwa jina langu kama mwandishi aliufuta, akaweka lake. Kisha akapanda ghorofani kwa Mama Mkurugenzi, mwenye kampuni, akamwambia ameandika programu mpya, nyepesi, ya kisasa. Mama akampongeza. Mimi nikahamishiwa meza ya simu za malalamiko, kwenye korido, kati ya mashine ya fotokopi na mlango wa choo. Huko nilikuwa nasikia mambo mawili, wateja wakifoka na watu wakivuta maji.

Nikajikaza kisabuni. Kila alipopita nilimwamkia kwa adabu zote. Moyoni nilikuwa nasema, pita tu baba, pita, siku yako ipo.

Sikujua kwamba siku hiyo ingekuja kupitia kwa kaka yangu.

Kaka ni dereva wa kampuni hiyohiyo, na alikuwa pale kabla yangu. Baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea. Alinisuka nywele za shule kwa vidole vya kukaza nati, nikawa naenda darasani kichwa kimekaa upande. Gari lake analitunza kuliko watu wengine wanavyotunza wake zao. Madereva wenzake huwasha jokofu wapakiaji wakishaanza kupiga kelele, kwa hiyo wanatoka uani jokofu likiwa kwenye tatu. Kaka huwasha kabla ya kunywa chai. Mzigo unapoingia, ndani ni sifuri kamili. Kila siku sifuri.

Na gari hilo ndilo lililoanza kufeli. Leo limefeli, kesho limefeli, mfululizo. Ya wenzake wenye majokofu ya kubahatisha, yote yanapita! Bwana Mkato akatoa hukumu yake ya haraka: dereva anazima jokofu njiani ili apunguze matumizi ya dizeli, halafu anainyonya ile inayobaki na kwenda kuiuza. Kaka akasimamishwa kazi. Kikao cha nidhamu kikapangwa Ijumaa, mbele ya Mama Mkurugenzi. Akipatikana na kosa anafukuzwa na kupelekwa polisi kama mwizi.

Kaka yangu, mwizi! Mtu ambaye akiokota kalamu uani anaipeleka kwa mlinzi!

Jumanne asubuhi simu ya malalamiko ikalia. Alikuwa mpishi mkuu wa hospitali moja tunayoipelekea samaki, mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha.

"Yule dereva wenu wa zamani yuko wapi?" akauliza. "Huyu mliyemleta samaki wake macho yamelegea, ukiwabonyeza wanabaki na shimo. Nirudishieni yule wangu."

"Wa yule walikuwa wazuri?"

"Wabichi mpaka mkono unauma kwa baridi. Kwani amefanya nini?"

Nikamwambia anaumwa. Nikaweka simu chini. Samaki hawezi kuwa amechemka kwenye kompyuta na kuganda kwenye mkono wa mpishi.

Mwisho wa korido ipo kompyuta ambayo karani wa magari huendeshea programu kila asubuhi. Karani alikuwa ametoka kununua vitumbua. Nikakaa pale kana kwamba nimetumwa, nikafungua namba za gari la kaka. Sifuri, moja, moja, pengo, moja, mbili. Hakuna nne, hakuna hata tatu. Lile pengo nalijua, ni pale bondeni ambako mtandao hukatika, kipimo kikashindwa kutuma. Na chini yake neno moja: LIMEFELI.

Nikaifungua programu yenyewe. Jamani, nilichokiona! Ilikuwa kama kukuta mtoto wako amenyolewa na kipofu.

Ngoja nieleze, si kazi ngumu. Mapengo huwa yapo, kwa hiyo unapoitafuta namba kubwa kuliko zote ni lazima uiambie R iyaruke. Usipoiambia, ikikuta pengo moja inanyoosha mikono, inasema jibu halijulikani. Mimi niliiambia kwa maneno haya: na.rm = TRUE. Yaani, ruka mapengo, ndiyo. Bwana Mkato, kwa uvivu wa vidole, alikuta R inamruhusu kuandika T tu badala ya TRUE. Akafupisha. Na mistari michache juu yake, lile joto_la_kuondokea langu, alilipa jina gani? T.

TRUE ni neno linalolindwa. Ukijaribu kukipa kitu kingine jina hilo, R inakukatalia palepale. T halilindwi. Ni jina la kuazima, yeyote anaweza kulichukua, na R hainung'uniki wala haikohoi. Kwa hiyo gari likitoka uani na tatu, T ni tatu, na kwa R namba yoyote isiyo sifuri ni ndiyo. Mapengo yanarukwa, gari linapita. Likitoka na sifuri, T ni sifuri, na sifuri ni hapana. Usiyaruke mapengo! Jibu linakuwa halijulikani. Kwenye programu yangu, gari lisilo na jibu liliandikiwa LIKAGULIWE, mtu aende akalitazame. Hilo nalo alilikata akaona ni urefu usio na maana. Kama huna jibu, umefeli.

Kwa lugha nyepesi, programu yake ilikuwa inamtafuta dereva mwangalifu kuliko wote, inampiga kofi.

Nikaifunga. Nikarudi kwenye meza yangu, nikaketi, nikacheka kimyakimya mpaka machozi yakanitoka. Aliyetoka chooni akaniuliza kama kuna msiba.

Sasa, ningeweza kupanda ngazi dakika ileile. Najua. Usinihubirie. Ningemwambia Mama Mkurugenzi, Bwana Mkato angeitwa, angesema, "Aa, hitilafu ndogo," angebadilisha herufi moja, na kufikia saa ya chakula angekuwa ameshasifiwa kwa kurekebisha haraka. Programu ingebaki yake, korido ingebaki yangu. Thubutu! Nilitaka ajifunge mwenyewe kwanza, kamba aikaze kwa mikono yake miwili, tena mbele ya watu. Na kaka sikumwambia, kwa sababu kaka hawezi kutunza siri hata ya zawadi ya sikukuu ya mtoto. Angeenda moja kwa moja kumpigia magoti yule mtu na kumweleza kila kitu.

Siku iliyofuata wifi yangu, mke wa kaka, akanipigia simu kazini. Alikuwa analia.

"Wifi, shuleni wanawaita watoto wa mwizi wa dizeli. Mdogo amekataa kwenda. Kaka yako hali, amekaa tu anaangalia msumari alikokuwa akitundika funguo za gari. Huko ofisini hakuna unachokisikia?"

Ulimi ukanifika menoni. Nikaurudisha.

"Vumilia wifi," nikasema. "Ijumaa si mbali."

"Wewe unasema kirahisi."

"Nasema vumilia."

Alikata bila kuaga. Nilikasirika, si kwa ajili yake, kwa ajili ya yule mwenye soksi za kahawia. Hilo nalo nikaliongeza kwenye deni lake.

Alhamisi nikaenda ofisini kwa Bwana Mkato. Nikasimama mlangoni kama binti aliyekuja kuomba ruhusa.

"Bosi, samahani. Watu huko chini wanasema ile programu bado ni yangu. Na kesho ni kikao cha kaka yangu. Sitaki kuonekana nimetia mkono. Naomba kesho uweke wazi kwamba mimi simo."

Alifurahi jamani! Alijivuta nyuma kwenye kiti mpaka kikalia.

"Usijali. Mle hakuna chako hata kimoja. Nitawaambia kila herufi ni yangu."

"Kila herufi, bosi?"

"Kila herufi."

"Asante sana, bosi," nikasema, na nilikuwa namaanisha.

Ijumaa tukaingia chumba cha mikutano. Mama Mkurugenzi alikaa kichwani pa meza, miwani shingoni. Ni mwanamke wa maneno machache, aliyeanza kwa kuuza samaki kwenye ndoo. Bwana Mkato alikuwa upande wake wa kulia na kompyuta, picha ikirushwa ukutani. Kaka alivaa shati lake la harusi. Kanuni inamruhusu mfanyakazi kuja na mtu wa kumsemea, na alikuwa amenichagua mimi. Tangu tuingie hakuniangalia usoni.

Bwana Mkato akaeleza. LIMEFELI, LIMEFELI, LIMEFELI, ukuta mzima.

"Na programu hii ni ya nani?" akauliza Mama Mkurugenzi.

"Yangu, Mama. Nimeiandika mwenyewe, kila herufi. Haikosei."

Aa! Kama kuna sukari tamu kuliko ile, mimi bado sijailamba. Nikavuta kiti ili nisimame.

Kaka akasimama kabla yangu.

"Mama," akasema, "tusipotezeane muda. Nilizima mimi. Dizeli niliuza mimi. Naomba tu yaishie hapa."

Hilo halikuwemo kwenye hesabu yangu. Bwana Mkato alikuwa ameshaanza kufunga kompyuta, ana kitabasamu pembeni mwa mdomo, na hapo nikajua kuna jambo lililopangwa nyuma ya mgongo wangu.

"Usifunge!" nikapiga kelele. "Mama, huyu ni mwongo!"

Tangu nizaliwe sijawahi kumwita kaka yangu mwongo hata chumbani. Akageuka kunitazama, akiwa amepauka.

"Mdogo wangu, kaa chini."

"Sikai! Kaa wewe, kaka, tafadhali. Mama, naomba dakika chache. Sitagusa kitu. Aguse bosi mwenyewe, kwa kuwa kila herufi ni yake."

Mama Mkurugenzi akavaa miwani. "Endelea."

"Bosi, tuonyeshe namba za gari la kaka za siku yoyote unayotaka wewe."

Akazionyesha, kwa dharau. Sifuri, moja, moja, pengo, moja, mbili.

"Mama, kuna inayozidi nne?"

"Sioni."

"Hata mimi. Sasa bosi, ile sifuri ya kwanza ifanye tatu. Tumpashe samaki joto kidogo. Iendeshe."

Akabadilisha, akaiendesha. LIMEPITA.

Mama akainuka kitini, akausogelea ukuta.

"Rudisha sifuri," akasema Mama Mkurugenzi mwenyewe.

LIMEFELI.

"Weka nne."

LIMEPITA.

Mama akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa, akavaa tena. "Yaani samaki wa moto anapita, wa barafu anafeli? Mimi nimeuza samaki miaka yangu yote, sijawahi kusikia hilo."

Bwana Mkato alianza kutoka jasho juu ya mdomo. "Ni hitilafu ndogo, Mama, ya..."

"Mama, mwambie aandike TRUE, aipe sifuri," nikasema.

Akaandika, vidole vikijikwaa. R ikamjibu kwa maandishi mekundu, ikakataa.

"Sasa aandike T, aipe sifuri."

Akaandika. Hakuna chekundu. Ikapokea kimya kimya.

"Hiyo ndiyo herufi iliyomfanya kaka yangu mwizi," nikasema. "Hili neno refu hapa linalindwa. Lile fupi halina mlinzi, nalo bosi amelitumia kama ndiyo, akalitumia tena kama joto la gari. Gari likitoka na sifuri, ndiyo yake inageuka hapana. Ndiyo maana anayefeli ni dereva anayewasha jokofu mapema, na kwa magari yote ya uani kwako huyo ni mmoja tu. Ukitaka ushahidi mwingine, mpigie mpishi wa hospitali, atakuambia mkono wake uliuma kwa baridi."

Hapo ndipo Bwana Mkato aliponipa zawadi ambayo hata sikuiomba. Aliruka kwenye kiti akaninyooshea kidole.

"Lakini programu ni yake! Msingi wote aliandika yeye! Mimi nilifupisha tu!"

Nyoo! Niliyaacha maneno hayo yakae hewani. Sikuharakisha.

"Sasa hivi tu," Mama Mkurugenzi akasema polepole, "ilikuwa yako kila herufi."

"Mama, mimi..."

"Ulimpa nini huyu dereva akubali wizi ambao haukufanyika?"

Akajibu kaka, macho chini. "Alikuja nyumbani jana. Akasema nikikubali, polisi hawataitwa, na mdogo wangu hatafukuzwa kazi. Akasema vinginevyo tutaondoka wote wawili."

Kufikia mchana mambo yalikuwa yamekwisha. Kaka alirudishiwa kazi na funguo, na Mama Mkurugenzi akamwomba radhi mbele ya madereva wote uani. Nikarudishiwa programu na kitengo chenyewe. Kuhusu Bwana Mkato, Mama alitaka kumtimua palepale. Mimi ndiye niliyemsihi amwache. Akaniona nina moyo mzuri. Moyo mzuri! Nilimwomba ampe ile meza ya koridoni, ya simu za malalamiko, kati ya fotokopi na choo. Asubuhi, kabla ya simu, kazi yake ni kuniingizia namba za magari kwa mkono, na jina nililomwekea kwenye programu ni joto_la_kuondokea_ambalo_mtu_mvivu_aliliita_herufi_moja. Haruhusiwi kunakili. Analiandika lote, gari baada ya gari, nami nasikia vibonyezo kutoka ofisini kwangu. Utamu huo siwezi kuukana.

Lakini Ijumaa ileile nilimfuata kaka uani. Alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anafuta usukani kwa kitambaa. Nilikwenda nikicheka, mikono nimeitanua, nikidhani atanibeba juu kama zamani.

"Uliyajua lini?" akaniuliza.

"Yapi?"

"Ya ile herufi."

Ningeweza kudanganya. Sikuwa nimejiandaa.

"Jumanne."

Akaendelea kufuta usukani, palepale mahali pamoja.

"Jumanne," akasema. "Jumatano mwanangu mkubwa alirudi kutoka shuleni amechaniwa shati. Jana nilimpigia magoti yule mtu sebuleni kwangu, wifi yako anaangalia. Nilipiga magoti kwa ajili yako. Na wewe ulikuwa unajua."

"Kaka, ilibidi kwanza aseme mbele ya watu kwamba ni yake. Ningesema mapema angetuponyoka. Nilikuwa namtega."

"Kwa chambo gani?"

Nikaushika mkono wake wenye kitambaa, akautoa taratibu.

"Yule hakujua anachonifanyia," kaka akasema. "Wewe ulijua."

Akapanda, akawasha jokofu ingawa mzigo ulikuwa bado, akapandisha kioo. Tangu siku hiyo salamu zake nazipata kupitia kwa wifi. Nikipita uani ananipa heshima zote, ananiita bosi mbele ya watu, na anaendelea na gari lake. Wifi anasema nimpe muda, yatapita. Wifi hatujui. Mimi na kaka tumetoka tumbo moja, na nilisema tangu mwanzo jinsi nilivyo.